Kumi na Tisa

Nurhayat alipanda ngazi hadi kwangu, juu ya duka la vitamutamu,
mwavuli ukimchuruzika, flashi mkononi kama ushahidi.
Mvua ya Trabzon haipigi hodi, naye hakupiga.
“Nimenunua runinga nzima,” alisema,
“inchi sitini na tano. Hizi pau mbili nyeusi,
ya juu na ya chini, ni za nini? Za msiba?
Hii ni harusi. Zitoe.”

Nilitaka kumweleza
kwamba nilichagua upana kwa sababu horon huchezwa kwa upana,
watu wameshikana mikono kutoka ukuta hadi ukuta,
na ukumbi ule haukuwa na dari la kuonyesha mtu.
Lakini mteja akishakunja mwavuli hasikii hesabu.

Tuncay, kijana wangu wa mazoezi, akasema tuivute tu, juu na chini.
Akaivuta.
Bwana harusi akawa mnara.
Wachezaji wakarefuka miguu kama korongo waliotishwa.
Tulicheka mpaka nikaona aibu.
Rudisha, nikamwambia.

Ikabaki njia ya wengi: kukuza.
Asilimia mia na kumi, weusi ukapungua.
Mia na ishirini, ukabaki utepe.
Mia thelathini na nne, kwisha.
Skrini imejaa pomoni, nyuso zimesogea,
jasho la mpiga kemenche ungelifuta kwa kidole.
Pembeni zimekwenda pikseli mia mbili na arobaini na tano,
kila upande. Nani atazililia?

Niliona, sitasema sikuona.
Mwisho wa mstari, kulia,
mkono umeshika mkono
na mwenye mkono hayupo.
Ilikuwa saa nane za usiku. Nikaamuru faili litoke,
nikaenda kulala.

Siku nne. Kisha simu.
Si Nurhayat. Mama yake, Zekiye,
ambaye jicho moja lina ukungu
na la pili linafanya kazi ya mawili.
Hakunisalimu.
“Walikuwa kumi na tisa. Niliwahesabu siku ile.
Kwenye runinga nimewahesabu mara sita: kumi na saba.
Sefer wangu umempeleka wapi?”

Sefer, wa mwisho kulia, leso juu,
aliyepanda ndege asubuhi iliyofuata
kwenda kupasua samaki Bremerhaven, kwa mkataba wa mwaka mmoja
ambao sasa una miaka mitatu.
(Wa mwisho kushoto hakumtaja.
Nadhani alikuwa mtoto wa jirani.)

Macho hayana pazia, lakini picha inalo,
na mimi nilikuwa nimelishusha juu ya mtu.

Nikaufungua mradi upya. Nikairudisha picha mia kwa mia,
halafu nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo:
nikapunguza turubai, si watu.
Kimo, mia nane na nne. Upana sikuugusa.
Faili likatoka halina hata uzi wa giza,
ningeweza kuapa mbele ya imamu.

Jioni Nurhayat akalichomeka kwenye runinga yake,
simu sikioni.
Upau juu. Upau chini.
“Umezirudisha!”
“Hizo si zangu. Ni za runinga.
Picha imeishia pale ilipoishia,
na kioo kilichobaki hakina la kusema.”

Alivuta pumzi ya kunitukana, nikaisikia kabisa.
Ila nyuma yake mama alikuwa ameanza,
polepole, kama anayetoa mayai kikapuni:
kumi na tano,
kumi na sita,
kumi na saba. Kumi na nane.

Kisha kimya, hata Nurhayat,
na sauti ya kiti kinachoburutwa sakafuni
kusogezwa karibu.